Baada ya Odisheni, Simu Ikikaa Kimya

Wengi wanaoanza kuigiza hujiandaa kukataliwa. Wachache hujiandaa kutojibiwa kabisa. Katika kazi hii, baada ya odisheni, yaani usaili wa kuchagua waigizaji, mara nyingi hapatokei mtu wa kukupigia akakwambia umekosa. Siku zinapita, filamu inatangazwa, na unamwona mwingine amevaa uhusika ule ule uliokesha ukiukariri. Nimeona ukimya huo ukiwaondoa wenye vipaji kuliko maneno makali ya waongozaji, kwa sababu mtu huujaza kwa mawazo yake mwenyewe: sina sura, sina sauti, umri umenipita.

Kilichonisaidia mimi ni kuihesabu odisheni kuwa ndiyo kazi yenyewe. Bryan Cranston, mwigizaji wa Marekani, amelieleza hili vizuri sana: mwigizaji haendi pale kuomba kazi, anakwenda kumwonyesha mhusika, kisha anaondoka. Katika odisheni moja niliwahi kupewa mtu wa kusoma naye mazungumzo ya wahusika, ambaye hakuinua macho kutoka kwenye karatasi hata mara moja. Katika igizo tulikuwa ndugu wawili wanaogombana. Nikaamua kwamba ndugu yangu huyu hataki kunitazama. Vidole vyake viliposhika ncha ya karatasi ili afunue ukurasa, nikamsubiri amalize, ndipo nikamjibu kwa sauti ya chini. Nafasi ile sikuipata, lakini siku hiyo niliigiza kweli, na nilirudi nyumbani nimeshiba.

Jioni yake huandika kwenye daftari: nilikusudia nini, nini kilikaa sawa, nini nikifanyie mazoezi. Nikimaliza, skripti naiondoa machoni. Ikibaki mezani utaishika tena usiku na kuanza kujilaumu kwa kila sentensi.

Kumbuka pia kwamba uamuzi wa wanaochagua waigizaji una mambo mengi yasiyogusa uwezo wako. Huenda mhusika mkuu amekwishapatikana na urefu wenu haulingani, au wanatafuta atakayefanana na mama wa hadithi, au tarehe za kurekodi zimebadilika. Hayo hutaambiwa.

Kuhusu riziki nitasema kwa kifupi: tafuta kazi nyingine ya kukulisha na usiione aibu. Mwigizaji Harrison Ford alikuwa fundi seremala kabla jina lake halijajulikana. Mwenzake Morgan Freeman, aliyezaliwa mwaka 1937, aliteuliwa kuwania tuzo ya filamu ya Oscar kwa mara ya kwanza mwaka 1988, na akaitwaa mwaka 2005. Sisemi kwamba kila avumiliaye atafika huko. Wapo waigizaji hodari wasiofika. Ninachosema ni kwamba mwenye uhakika wa kodi ya nyumba huingia chumba cha odisheni akiwa ametulia, na huweza kukataa kazi inayomdhalilisha.

Halafu kuna jambo ambalo ningetamani lifundishwe pamoja na matamshi na pumzi: kuvua uhusika. Tunafundishwa kuingia, kutoka tunaachiwa wenyewe. Niliwahi kuigiza mzazi aliyefiwa, usiku baada ya usiku, na mwili haukujua kwamba ni igizo. Mabega yalikaza, machozi yakanijia nikiwa naosha vyombo. Nikajiwekea utaratibu: viatu vya mhusika vinavuliwa kwanza, kabla ya nguo nyingine. Nanawa uso, nataja jina langu kwa sauti, kisha nampigia mtu asiyehusika na sanaa, tunazungumza mambo yake, si yangu. Wenzako kazini watakuelewa haraka, ni kweli, lakini nao wamo humo humo ulimo wewe. Unahitaji watu waliokupenda kabla hujapanda jukwaani.

Ukiona usingizi umekatika, au hasira za mhusika zinawaangukia watoto wako, mwambie mwongozaji mapema. Na ikibidi, muone mshauri wa afya ya akili wakati maonyesho bado yanaendelea, usingoje mpaka pazia la mwisho lifungwe.