Kuandika Maisha ya Watu Wawili: Ushauri kwa Wanaoanza

Anayeanza kazi ya kuhifadhi kumbukumbu za watu hudhani kwamba mume na mke waliofanya kazi pamoja wana habari moja tu ya kuandikwa. Nami nilidhani hivyo nilipoandika habari za walimu wawili wastaafu, ambao kwa miaka mingi waliwapokea nyumbani kwao wanafunzi waliokuwa safarini. Niliwahoji wakiwa wameketi pamoja sebuleni, na niliporudi kusikiliza rekodi niligundua kwamba mzee alizungumza karibu muda wote, ilhali mama alisikika akikaribisha chai na kumsahihisha mumewe kuhusu mwaka mmoja alioutaja. Baadaye nyaraka zilithibitisha kwamba mwaka wa mama ndio uliokuwa sahihi.

Tangu hapo, ninapomfundisha mgeni wa kazi hii, humpa mfano wa Isabel na Monroe Smith, Wamarekani walioanzisha hosteli za vijana, yaani nyumba za malazi nafuu kwa vijana wasafiri, nchini mwao. Walikuwa walimu na viongozi wa skauti. Mwaka 1933 walisafiri hadi Ulaya, wakaziona hosteli za Ujerumani na kukutana na mwanzilishi wake, mwalimu Richard Schirrmann. Mwishoni mwa mwaka 1934 wakafungua hosteli ya kwanza ya Marekani katika mji mdogo wa Northfield, Massachusetts, na kuanzisha chama cha kitaifa, American Youth Hostels.

Kabla hujaandika mwaka wowote, jiulize ni mwaka wa nini. Ukisoma kwamba hosteli za vijana zilianza 1909, na penginepo ukakuta 1912, usikimbilie kusema kwamba mmoja wa waandishi amekosea. Mnamo Agosti 1909 Schirrmann alikuwa katika matembezi ya miguu na wanafunzi wake, mvua ya radi ikawakamata, wakalala katika jengo la shule wakati wa likizo, na usiku ule ndipo alipopata wazo kwamba shule zilizo tupu zingeweza kuwahifadhi vijana wasafiri kote nchini. Hosteli ya kudumu katika ngome ya Altena, Ujerumani, inahusishwa na 1912. Wazo, jengo, chama na usajili ni mambo manne, na kila moja linaweza kudai kuwa ndilo mwanzo. Kwa akina Smith pia, mwaka wa safari si mwaka wa kufungua mlango.

Sehemu inayohitaji subira zaidi ni kutenganisha kazi ya kila mmoja. Katika desturi ya hosteli za Ujerumani, nyumba iliangaliwa na watu walioitwa baba na mama wa hosteli, na Wamarekani nao wakawa na walezi wa namna hiyo. Kwa maneno mengine, shughuli yenyewe ilikuwa ya watu wawili tangu mwanzo: mmoja akisafiri kutafuta fedha na kuhutubia, lazima mwingine abaki kupokea wageni waliofika kwa baiskeli wakiwa wamelowa. Hotuba huhifadhiwa kwa sababu ziliandikwa. Nani aliyekausha mablanketi haiandikwi mahali popote, isipokuwa labda katika barua kwa dada au katika daftari la matumizi ya jikoni. Kwa hiyo omba madaftari kabla ya kuomba hotuba. Omba pia kitabu cha wageni, kwa kuwa wageni huandika mambo ambayo wenyeji huona aibu kujisifia.

Kuna na tatizo la majina. Katika Marekani ya miaka ile, magazeti yalikuwa na desturi ya kumtaja mwanamke aliyeolewa kwa jina la mumewe, hivi kwamba Isabel anaweza kuwa amefichika ndani ya maneno "Bibi Monroe Smith". Ukitafuta jina lake pekee, utamkosa na kudhani hakuwapo. Isitoshe, akina Smith ni wengi kuliko mchanga wa pwani, kwa hiyo kila mara ambatanisha jina na mji wa Northfield na mwaka unaouchunguza.

Usiiruke sehemu ngumu ya habari. Mwaka uleule wa 1933 Wanazi walizitwaa hosteli za Ujerumani na kuziweka chini ya Vijana wa Hitler, umoja wa vijana wa chama chao, na mwaka 1936 Schirrmann mwenyewe alilazimishwa kuuacha urais wa shirikisho la kimataifa la hosteli za vijana lililoundwa Amsterdam mwaka 1932. Mwandishi anayewapenda mno wahusika wake hutamani kuandika kuhusu misitu na nyimbo tu. Swali la akina Smith waliona nini huko Ujerumani na waliporudi walisema nini ni la haki, na jibu lake linapaswa kutoka katika barua na ripoti za wakati ule. Kumbukumbu zilizosimuliwa miaka 40 baadaye, kila mtu alipokwisha kujua vita viliishaje, hazitoshi kwa swali hilo.

Vilevile, usifunge daftari pale chama kinapostawi. Akina Smith waliachana na chama walichokizaa, wakaanzisha mradi mwingine, Youth Argosy, wa kuwatafutia vijana usafiri wa bei nafuu. Utengano wa namna hiyo huwa na pande mbili zenye nyaraka, na upande uliobaki ofisini ndio unaokuwa na kabati. Tafuta na upande uliotoka.

Nilirudi kwa yule mama mwalimu siku ambayo mumewe alikuwa msikitini. Alinikalisha jikoni, akatoa daftari la shule lenye jalada lililochakaa, ambamo kwa kila usiku alikuwa ameandika idadi ya watoto waliolala, kilo za unga zilizopikwa, na nani aliyeondoka bila kuaga. Nilimuuliza kwa nini hakulitaja mara ya kwanza. Akasema sikumuuliza kuhusu unga.