Karatasi ya Majibu ya Damu: Usiishie Kwenye H na L

Juzi saa tano usiku dada mmoja wa Nachingwea amenitumia picha ya karatasi yake ya maabara, chini yake kaandika: "Kaka, wameniwekea H mbili. Nimesoma mtandaoni naona ini langu ndiyo basi tena. Nifanyeje?" Nikaikuza picha. ALT, kipimo cha ini, 47, wakati kiwango cha juu ni 40. Yurea, taka inayotolewa na figo, 7.4, kiwango cha juu 7.1. Mengine yote yamekaa mahali pake. Nikamwambia alale, kukicha aende na karatasi yake kwa daktari aliyeagiza vipimo, amuulize kama arudie na arudie lini.

Tuelewane mapema. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha korosho huku Newala. Sindano naiogopa kama wewe. Ila tangu niweke habari za figo za mama kwenye ukurasa huu, simu yangu imegeuka dirisha la kupokelea majibu, kwa hiyo leo nasema yote kwa mkupuo.

H ni juu ya kiwango, L ni chini yake. Basi. Haijatajwa ugonjwa hapo. Viwango hivyo kwa vipimo vingi vimepatikana kwa kupima watu wazima wa afya na kuchukua wale asilimia 95 wa katikati. Maana yake katika watu 100 wasio na tatizo lolote, kama watano hivi watapewa H au L bure. Ukipima vitu ishirini kwa siku moja, kupata kimoja kilichochungulia nje ya mstari ni jambo la kawaida kabisa. ALT ikipanda kidogo inaweza kuwa dawa unazomeza, au uzito wa mwili. Yurea hupanda hata kwa kutokunywa maji ya kutosha. Daktari anashtuka ALT ikiwa mara kadhaa ya kiwango, au ikiwa inapanda pamoja na bilirubini, ile rangi ya njano ya kwenye damu, na macho yamekuwa ya njano.

Sasa upande wa pili, ambao ndio unaoniuma mimi: karatasi isiyo na H hata moja nayo inaweza kukuficha jambo.

Mama yangu ana magoti mabovu. Msimu wa korosho ukianza anashinda ameinama chini ya mikorosho, anaokota, na jioni hawezi kupanda kitanda bila kushika ukuta. Dawa yake ya maumivu ilikuwa diklofenaki, ananunua duka la dawa la jirani, asubuhi kidonge kimoja, jioni kimoja, na msimu ukiisha haachi. Juu ya hapo ana presha, anatumia losartani na kidonge cha kukojoza. Ukimuuliza anatumia dawa gani atakutajia za presha tu. Diklofenaki kwake si dawa, ni ya magoti.

Vipimo alikuwa anapima. Mwaka 2022 kreatinini, kipimo cha figo, ikaja 0.66. Mwaka 2023, maabara nyingine, ikaja 71. Mwanzoni mwa 2025 ikaja 88, na kiwango kilichoandikwa pembeni ni 44 hadi 97. Kila mara aliambiwa yuko sawa, na kila mara karatasi niliichukua mimi nikaitia kwenye faili la plastiki ninalotunzia stakabadhi za korosho. Ndiyo kazi yangu, situpi karatasi.

Jioni moja nikazipanga zote tatu mezani. Hiyo 0.66 ilinisumbua, nikadhani ni kipimo kingine, mpaka nilipotazama herufi ndogo zilizofuata: mg/dL, yaani miligramu kwa desilita. Zile nyingine mbili ni mikromoli kwa lita. Ukitaka kuhamisha kreatinini kutoka ya kwanza kwenda ya pili unazidisha kwa 88.4. Nikatoa kikokotoo changu cha kupigia malipo ya wakulima: 58. Kwa hiyo mama katoka 58, akaja 71, akaja 88. Ni kama kilo za mkulima, stakabadhi ya chama haina kosa, ya ghala kuu haina kosa, lakini ukiziweka pamoja unaona mzigo umepungua njiani na hakuna aliyesema.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, figo ndizo zinazoitoa nje. Figo zikichoka inabaki kwenye damu. Ubaya wake ni kwamba haina haraka. Mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa figo huku namba bado imo ndani ya mstari. Na mwanamke mwembamba wa miaka 61, misuli imekwisha, hatengenezi nyingi, hivyo 88 yake si sawa na 88 ya kijana anayebeba magunia ghalani.

Nikaenda nazo kwenye kliniki moja, jina nalihifadhi, nikaziweka zote tatu juu ya meza. Yule bwana akatazama ya mwisho tu. "Haina H hii kaka. Au na wewe unataka koti jeupe?" Benchi zima likacheka. Binamu yangu aliyetuleta na gari yake ndiye aliyecheka kuliko wote, na mpaka tunafika nyumbani alikuwa ananiita dokta. Sijasahau, na wala sina mpango wa kusahau.

Tukashuka hospitali ya Ndanda, kupitia Masasi. Daktari wa kule, binti mdogo tu, akazisoma kwa mpangilio wa tarehe, akakokotoa uwezo wa figo kuchuja kwa kutumia umri na jinsia. Mwaka 2022 ulikuwa kwenye 100 hivi. Sasa ni 64. Akamgeukia mama: "Mama, na maumivu unatumia nini?" Mama akanitazama mimi. Akafungua fundo la kanga, akatoa karatasi ya vidonge iliyobaki vinne.

Akatueleza kuwa diklofenaki, losartani na dawa ya kukojoza vikikutana kwa mtu mmoja vinaweza kuzibana figo kwa pamoja. Ya maumivu ikasimamishwa, akapewa parasetamoli kwa kiasi alichoambiwa na mazoezi ya magoti, dawa za presha akapangiwa upya. Akapima na mkojo kutafuta albumini, protini ya damu, maana figo mara nyingi huanza kuvujisha huko kabla damu haijasema kitu. Mwezi uliopita tumerudia: kreatinini 74, uwezo wa kuchuja 79. Namba imeshuka! Nimeipiga picha hiyo karatasi nikaiweka stetasi, na kuna watu nilihakikisha wameiona.

Kwa hiyo ndugu zangu, tunzeni karatasi. Stakabadhi ya korosho ya msimu wa juzi mtu anayo chini ya godoro, kadi ya pikipiki anayo, lakini majibu ya figo za mama yake amefungia karanga. Omba karatasi yako kabla hujaondoka dirishani, usikubali kuambiwa "uko sawa" kwa mdomo. Andika nyuma yake dawa zote unazotumia, na za magoti pia, na za miti shamba pia. Ukiweza rudi maabara ileile. Na usijiachishe dawa ya presha mwenyewe kwa sababu ya makala hii, hilo ni la daktari.

Damu yenyewe nayo ina mambo yake. Mjomba alipimwa potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, ikaja 6.1, mwisho ni 5 na kidogo, na potasiamu ikizidi kweli inaweza kusimamisha moyo. Nyumba ikajaa watu. Kumbe siku ile mshipa ulikataa, wakamchoma mara kadhaa, damu ikavutwa kwa shida. Chembe nyekundu zikipasuka kwenye chupa humwaga potasiamu yake, na namba inapanda wakati mtu mwenyewe mzima. Wakarudia palepale, ikaja 4.4. Kurudia namna hiyo ni siku ileile, si wiki ijayo. Sukari inakwenda kinyume: chembe zinaendelea kuila ndani ya chupa, kwa hiyo damu ikikaa muda mrefu majibu yanashuka. Ndiyo maana kuna chupa ya kifuniko cha kijivu, ina dawa ya kuzuia hilo. Ukiambiwa ufunge, kaa bila kula kwa muda wa saa nane mpaka kumi na mbili, maji ruksa. Chai ya rangi yenye sukari si maji, nimewaambia sana hili.

Binamu yule wa gari naye sasa ananitumia karatasi zake. Namjibu, ila kwanza namwacha asubiri kidogo. Wiki hii kaleta sukari 8.2, anasema amesikia kisukari kinaanzia 7.0 na ameshaanza kugawa mashamba. Nikamwambia hiyo 7.0 ni ya mtu aliyefunga usiku kucha, na hata hapo hurudiwa siku nyingine kama hana dalili. Ambaye hajafunga, mstari ni 11.1 pamoja na dalili zenyewe, kiu na kukojoa kila mara. Nikamuuliza alikuwa amekula nini. Chai ya maziwa, anasema, na mandazi, lakini mandazi yenyewe yalikuwa madogo.