Mabua Usiyasubiri Yakauke

Wiki hii msomaji mmoja kanitumia picha ya shamba lake: mahindi yameshavunwa, mabua yamesimama makavu, na chini yake neno moja tu, "Nichome?" Usichome. Kwa kuwa yako yameshakauka, subiri mvua ya kwanza iyalainishe, yalaze kwa mguu, uyakate yakiwa chini, kisha uyapange katikati ya mistari. Ningeishia hapo, ila swali lenyewe limenigusa pabaya.

Mimi kwetu nimeitwa mvivu kwa sababu ya mabua. Ndugu zangu wanapenda shamba lililofagiliwa: ng'oa kila kitu, rundika, washa kiberiti, jioni pabaki peusi. Huo ndio usafi kwao. Nikikata na kuacha mizizi ardhini, maneno yanaanza. Kuna mmoja alisimama kando ya tuta langu akawauliza wenzake kama huyu analima au anafuga nyoka. Wakacheka sana. Nimesamehe, kusahau bado. Msimu huu matuta yangu yalikuwa tayari mapema, wao wakiwa bado wanapigana na visiki. Nani mvivu?

Siri ni kuwahi, basi. Chukua alizeti. Ukikata bua mara tu baada ya kuvuna kichwa, panga kali linapita pigo moja, na ule moyo mweupe wa ndani bado una unyevu. Liache likae juani wiki kadhaa, uone kazi: panga linadunda, ganda linachanika nyuzi nyuzi, bua linayumba halikatiki, na kiganja kinakufa ganzi. Bamia ndiyo mbaya zaidi, maana shina lake lina nyuzi kama kamba na vinyweleo vinawasha. Vaa mikono mirefu.

Panga linolewe kwa tupa kabla ya kuanza, na tena katikati ya kazi. Shika bua, lipinde kidogo kwenda upande wa pili, kata usawa wa ardhi. Usikate mshazari! Kisiki cha mshazari ni mkuki, kinatoboa ndala na mguu. Mizizi iache. Ya maharage na mbaazi ina vifundo vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni, na ya mahindi ikioza inaacha vijia vya maji kupita. Ukilazimika kung'oa, ng'oa udongo ukiwa umelowa, huku unazungusha shina.

Kuwahi kuna faida nyingine ambayo wanaocheka hawaioni. Pasua bua la mahindi lenye tundu ubavuni. Utakuta njia iliyojaa unga wa kinyesi, na mara nyingi funza mwenyewe kajilaza humo. Huyo anasubiri mvua ageuke nondo akatage kwenye mahindi yako mapya. Bua likikatwa vipande na kutandazwa juani, wengi wao wanakufa.

Jamani, tuambizane ukweli. Udongo nao unataka kula. Unabeba magunia, halafu hata makombo unayatia moto! Majivu yanabaki na potashi, sawa, lakini karibu naitrojeni yote imeenda na moshi, na mboji haipo. Mwakani unalia ardhi imechoka. Imechoka au umeinyima? Wahi, noa, kata, tandaza. Nimesema mara ngapi?

Ila usifukie mabua makavu leo ukapanda kesho. Yana kaboni nyingi mno, kama sehemu 60 kwa 1 ya naitrojeni, hivyo vijidudu vinavyoyaozesha vinakopa naitrojeni ya udongo na miche inageuka njano. Ama yabaki juu kama matandazo, ama uyakate urefu wa kiganja, uyaloweshe, uchanganye na samadi na majani mabichi, kwenye lundo la mita 1 hivi kila upande.

Kiberiti nakiruhusu kwa wagonjwa tu. Nyanya iliyokufa kwa mnyauko bakteria au kabichi yenye mizizi iliyovimba, ng'oa na mizizi yake yote, usiipeleke kwenye mboji. Pamba pia masalia yake hung'olewa na kuteketezwa kwa sababu ya funza wa vitumba, na nchi kadhaa zimeliweka hilo kisheria. Choma pembeni, mbali na matuta, na jembe lioshwe udongo wote kabla halijaingia tuta lingine.