Maswali yenu: nani alipie utafiti wa akili unde?

Hiyo akili unde ya Makerere inanisaidia nini mimi mwenye jembe? (Mkulima wa mihogo, Kiryandongo)

Ndugu yangu, tuanzie shambani kwako. Ugonjwa wa batobato unaujua, jani linajikunja na kupauka. Michirizi ya kahawia ni adui mjanja zaidi: shina laweza kuonekana zima, siku ya kuchimba ukakuta muhogo umeoza ndani. Maabara ya akili unde ya Chuo Kikuu cha Makerere, hapa kwetu Uganda, na watafiti wa kituo cha mazao cha Namulonge wameifundisha kompyuta kuyatambua magonjwa haya kwa picha ya jani iliyopigwa kwa simu. Mwaka 2020 walitoa picha 21,367 ili watafiti wa dunia nzima wazitumie. Nyingi zilipigwa na wakulima wenyewe, na mabingwa wa Namulonge wakaandika kila moja ina ugonjwa gani.

Pesa nyingi huishia kwenye kazi hiyo ya mikono na macho: nauli za kufika vijijini, posho, saa za bingwa anayekagua majani. Na nikuambie ukweli, picha ya jani haioni kilichomo ardhini. Simu ikikuambia jani ni zima, bado chimba shina moja uhakikishe.

Wafadhili wa nje wanatoa. Kwa nini kodi yangu iende huko pia? (Mfanyabiashara, Arua)

Kwa sababu anayelipa ndiye anayechagua swali. Sisemi wafadhili ni wabaya. Mradi wa AirQo, ulioanzia Makerere mwaka 2015, unapima uchafu wa hewa kwa vifaa vya bei nafuu vinavyofungwa kwenye majengo na hata kwenye bodaboda, na mwaka 2019 Google iliupa dola milioni 1.3. Kampala imefaidika. Lakini kifaa kikishafungwa kinashika vumbi, kinahitaji bando la data, kinahitaji fundi, mwaka huu na mwaka wa kumi. Ruzuku ina tarehe ya mwisho, vumbi halina. Mfadhili hupenda kuzindua. Kutunza ni kazi ya mwenye nyumba.

Serikali yetu ilianza kuipa Makerere mfuko wake wa utafiti na ubunifu katika mwaka wa fedha 2019/20, shilingi bilioni 30. Ni hatua ninayoiheshimu sana. Ila humo wamo madaktari, wahandisi, wanasheria, watu wa kilimo, wote. Ningekuwa na sauti ningeomba sehemu itengwe kwa jambo moja tu: kuendesha vitu ambavyo tayari vimethibitika vinafanya kazi, visife siku mfadhili akiondoka.

Je, Kiswahili chetu kimo, au ni Luganda tu? (Mwalimu, Bweyale)

Kimo, mwalimu. Makerere imekusanya maandishi na sauti za Luganda, Runyankore-Rukiga, Acholi, Lumasaaba na Kiswahili, kwa msaada wa Lacuna, mfuko unaofadhili ukusanyaji wa data za kufundishia kompyuta. Sasa tuhakikishe sauti zinazoingia ni pamoja na za kwenu. Kiswahili cha soko la Bweyale si cha Unguja, na kompyuta iliyozoea kimoja itababaika ikisikia kingine.

Nataka kuomba ruzuku ya utafiti wa uzamili kuhusu akili unde na afya. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Mbarara)

Usianze na kompyuta, mwanangu. Wenzako Makerere walifunga simu janja kwenye darubini ili isaidie kutambua vimelea vya malaria, na wazo hilo lina maana kwa yeyote aliyewahi kuona foleni ya maabara msimu wa mvua. Omba ruhusa kwanza, maana tangu 2019 tuna sheria ya kulinda taarifa za watu, na za mgonjwa si za kuchezea. Kisha kaa siku nzima na mtaalamu wa maabara wa kituo cha afya. Hesabu slaidi anazosoma tangu asubuhi, uone saa ngapi macho yanaanza kuchoka, na umeme ukikatika anafanyaje. Andika hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa ombi lako.