Ubao wa mashua ukigoma Mtera, ujue ugonjwa ulianzia uani kwako Dodoma

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Ilazo, hapa hapa Dodoma, aliniandikia. "Shikamoo kaka, nisaidie kabla sijakiuza." Kanunua kimashua cha faibaglasi cha mtumba Dar es Salaam, kakivuta kwa trela mpaka huku, kakipeleka bwawa la Mtera na wenzake, na ubao wa katikati, ule unaoshushwa majini kuizuia mashua isisukumwe ubavu, ukakataa kushuka. Akapandisha tanga hivyo hivyo. Upepo ukamsukuma ubavu ubavu mpaka kwenye visiki, na wavuvi ndio waliokwenda kumtoa. Kanitumia picha nyingi za tanga na mlingoti, na za yeye mwenyewe akiwa amevaa miwani. Ya chini ya mashua hakuna hata moja.

Nilimjibu, jibu likawa refu, na najua hayuko peke yake. Tangu serikali ihamie Dodoma tumekuja wengi kutoka pwani, na kila mmoja wetu keshaitazama Mtera kwenye ramani akahesabu kilomita. Basi someni wote.

Mimi nimekulia Pangani, kwenye nyumba yenye dau. Dau halina ubao wa kushusha na kupandisha. Lina mkuku wake, ule uti wa chini, na yamekwisha. Kwa hiyo hiki chombo cha kizungu nami nimejifunza ukubwani, na nimejifunza kwa gharama. Majirani walipoona mashua uani Dodoma, mji ambao maji yake tunayajua kwa madumu, walinitania sana. "Jirani, gharika ikija utatukumbuka?" Hilo halikuniuma hata kidogo. Aliyeniuma ni fundi.

Sitamtaja. Yuko Dar, ana jina kubwa, na nilimlipa pesa kamili kabla ya safari ili akague sehemu yote ya ubao. Kwa wasioijua: katikati ya mashua kuna sanduku jembamba lililo wazi kwa chini. Ubao unakaa humo, umeshikwa na bolti moja karibu na omo, yaani mbele, na unazunguka kwenye hiyo bolti ukishuka na kupanda. Bolti iko chini ya usawa wa maji. Kila kitu kinaitegemea. Yule bwana akaitoa bolti ya stenlesi iliyokuwa nzuri kabisa, akaweka ya chuma cha kawaida, akaipaka grisi ya gari, akanikabidhi mashua akitabasamu. Nilipompigia baadaye akaniambia, "Bosi, lile ni bwawa, maji yake hayana chumvi, halitakusumbua." Mpaka leo nikiikumbuka hiyo "bosi" yake, chai hainishuki.

Maana bolti ililika. Maji yasiyo na chumvi yanakula chuma polepole kuliko bahari, ila yanakula. Kutu ikajaza tundu la ubao, ubao na bolti vikawa kitu kimoja, na kila nilipovuta kamba bolti nzima ilizunguka na kuzisaga washa za mpira zinazozuia maji. Maji yakawa yanaingia ndani. Niliilaza mashua ubavu juu ya matairi makuukuu, nikagonga, nikapaka mafuta ya kulainisha kutu, nikagonga tena. Wapi. Mwishowe nikachukua jino tupu la msumeno wa chuma, nikalizungushia kitambaa upande mmoja pawe mpini, nikalipitisha kwenye ule upenyo kati ya ubao na ukuta wa sanduku. Upenyo wenyewe haupitishi kidole. Unakata kwa hatua ya inchi moja mbele, inchi moja nyuma, uji wa kahawia unakutiririkia kiganjani, na ukishakata upande huu unahamia upande wa pili. Jioni ubao ukadondoka kwenye matairi, na mke wangu akapiga makofi kutoka dirishani.

Tundu la ubao, ambalo linatakiwa kuwa duara, lilikuwa limekuwa yai. Hapo ndipo nilipoelewa kinachoziua hizi mashua huku bara, na ndilo nililotaka kumwambia kijana wetu: mashua ya Dodoma inaishi nchi kavu. Mtera inakwenda mara chache. Siku nyingine zote iko uani au kwenye trela. Ubao hauharibikii majini. Unaharibikia njiani, ukirukaruka juu ya bolti kwa kilomita zaidi ya 100 kwa sababu hakuna aliyeuwekea kitu cha kuuegemeza. Unaharibikia uani, kwenye kiangazi chetu ambacho kinakausha mbao mpaka zinalia. Na unakwamishwa na changarawe zinazorushwa na magurudumu ya trela mpaka ndani ya sanduku. Kokoto moja ndogo ikijibana humo, unaweza kuvuta kamba mpaka ikatike. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtu, chukua tochi, lala chini ya trela, chungulia. Utaniambia.

Angalia pia mbao za trela zinapoibeba mashua. Zikiwa zinasukuma karibu na mdomo wa sanduku, kuta zinabanana, na hata ubao mpya utagoma.

Wangu wa zamani ulikuwa umeshapinda, nikachonga mpya kwa mninga. Mninga nimeuchagua kwa sababu hautanuki wala kunywea sana, na mafundi wa vitanda hapa mjini wanao. Unene nimeacha nafasi ya milimita tatu kila upande, kwa kuwa ubao unaoingia kwa raha ukiwa mkavu Dodoma utavimba ukilala majini Mtera. Ukingo wa mbele nimeuviringisha, wa nyuma nimeuchonga ukawa mwembamba. Msikosee hapo mkaugeuza. Na wa nyuma ukiuacha mnene, mashua ikishika kasi ubao unatetemeka na kuvuma kama mashine ya kusaga.

Tundu sikulitoboa kwa kipimo cha bolti. Nililitoboa kubwa zaidi, nikalijaza gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao, likakauka, kisha nikatoboa katikati yake kwa kipimo chenyewe. Bolti inazunguka ndani ya epoksi na mbao haionji maji. Watu wanapaka vanishi pande zote za ubao wanalisahau tundu, na tundu ndipo mbao inapokunywa.

Jambo jingine ni kwamba ubao wa mbao unaelea. Ukiushusha unapanda wenyewe. Nimeyeyusha risasi, ile metali nzito, nikaimimina kwenye tundu karibu na ncha ya chini, risasi ya vyuma vya kusawazishia magurudumu. Sikuyeyusha betri, na wewe usiyeyushe betri uani kwako, asidi na moshi ule vitakuletea msiba. Na tundu unalomimina lazima liwe kavu kabisa, kwa kuwa risasi ya moto ikikuta unyevu inaruka usoni.

Kurudisha kunahitaji watu wawili. Mmoja anausukuma ubao kutoka chini, mwingine yuko ndani na nondo nyembamba iliyochongwa ncha, anatafuta tundu. Nondo ikipita pande zote, bolti inaingia nyuma yake ikiisukuma nje. Stenlesi, tafadhali. Kila upande washa ya mpira kwanza, halafu ya chuma, halafu nati. Kaza mpaka mpira uanze kutuna, uache hapo. Ukikaza kwa hasira utazibana kuta za sanduku na utarudi kwenye tatizo la kijana wetu.

Kisha lijaribu sanduku nyumbani. Inua tezi, yaani nyuma, kidogo, mimina maji ndani ya mashua mpaka yaifunike bolti, nenda chini ukaangalie mdomo wa sanduku. Likidondoka tone, washa zako hazijakaa. Najua bei ya dumu hapa mjini. Mimina tu, utamwagilia mchicha baadaye.

Naambiwa nalifanya jambo dogo kuwa kubwa. Labda hamjaijua Mtera. Lile bwawa lilijengwa kutunza maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya Kidatu kule chini, kisha likawekewa mitambo yake lenyewe, ya megawati 80. Likijaa, maji yako mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kuzalisha umeme wanaweza kuyashusha mpaka 690. Mita nane na nusu! Palipokuwa na kina Mei panakuwa na visiki Novemba, miti ileile iliyofunikwa bwawa lilipojaa. Ubao unaozunguka vizuri ukigonga kisiki unajikunja na kupanda, unaendelea na safari. Uliokwama chini unapasua sanduku, nawe umetoboka ukiwa mbali na nchi kavu.

Na mashua ikipinduka, unasimama juu ya huo ubao na kuvuta ukingo mpaka inyanyuke. Ubao usiposhuka, au ukijirudisha ndani, huna pa kukanyaga; utabaki unaogelea. Mtera ina mamba na viboko. Mvuvi mmoja wa Migoli, mzee wa makamo, aliniona nikipandisha na kushusha ubao ufukweni kabla ya kung'oa nanga akaniuliza, "Bwana mdogo, huo mlango unaufunga au unaufungua?" Nikamweleza. Akautikisa kwa mkono wake, akausikiliza. "Haugongi," akasema. Fundi wangu wa Dar hajawahi kuutikisa.

Vijana, mnapenda picha za tanga lililojaa upepo, na mimi nazipenda. Lakini mnanunua spika ya muziki kabla ya bolti. Mnamlipa fundi bila kusimama naye. Simama naye! Mwambie akuonyeshe alichotoa na alichoweka, na kilichotolewa urudi nacho nyumbani. Akikasirika, tafuta mwingine. Ningekuwa na ile bolti yangu ya zamani leo hii ningekuwa naitumia.

Ukishaifikisha majini: kwenda joshi, yaani kuukabili upepo, ubao chini wote. Upepo wa ubavuni, nusu. Upepo wa nyuma, pandisha karibu wote. Ukirudi, osha sanduku kwa maji ya dumu kutokea juu mpaka yatoke masafi, uuweke ubao juu ya kipande cha godoro, ufunge, ndipo upige gari. Nyumbani uufunike usipigwe na jua.

Washa za mpira sinunui. Nazikata kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la lori. Wa pikipiki ni mwembamba mno, utavuja.