Mshipa wa moyo umebana: stenti au dawa?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 63, ni fundi seremala Keko. Tangu mwaka jana akipiga randa mbao ngumu kifua kinambana, akikaa dakika tano kinaachia. Kipimo cha umeme wa moyo kilitoka safi, lakini walipompitisha mrija mkononi kuangalia mishipa ya moyo wakakuta mmoja umebana kwa asilimia 75. Daktari wa kwanza anasema awekewe stenti, kijibomba cha wavu wa chuma cha kuushikilia mshipa wazi. Wa pili anasema aanze dawa, waone. Ndugu wanasema kupewa dawa ni kuachwa afe, na mteja wa kiwanja chetu cha Chanika ameshapatikana. Nani mkweli? (Mtoto wa fundi, Temeke)

Jibu: Marahaba. Kiwanja kisubiri kidogo. Nianze na hicho kipimo kilichotoka safi, maana naona kimewachanganya.

Kipimo cha umeme wa moyo huchukuliwa mtu akiwa amelala chali, ametulia, na karatasi inanasa sekunde chache tu. Mshipa uliobana kwa asilimia 75 bado unapitisha damu inayoutosha moyo uliopumzika. Kasheshe inaanza randa ikishika mninga: moyo unaenda mbio, unadai damu zaidi, mshipa hauna. Wangempima akiwa kazini pale Keko huenda karatasi ingesema mengine. Kwa hiyo majibu safi hayakuwa uongo, yalijibu tu swali ambalo si la baba yako.

Sasa stenti. Mtu aliyepata mshtuko wa moyo, mafuta yaliyoganda ukutani mwa mshipa yamepasuka, damu ikagandia pale na njia ikafunga ghafla, huyo hatuna mjadala naye. Nyama ya moyo inakufa kila dakika inayopita, na kuzibua haraka kunaokoa maisha. Hapa Dar kazi hiyo inafanyika, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili ikiwamo. Lakini baba yako hayuko huko. Maumivu yake yana saa yake: kazi ikianza yanakuja, akipumzika yanaondoka. Huyu ndiye mgonjwa aliyewafanya watafiti wabishane miaka mingi.

Andreas Gruentzig alipotanua mshipa wa moyo kwa puto mara ya kwanza, Zurich, Septemba 1977, puto alizoanzia alikuwa akiziunda mwenyewe jikoni kwake (baba yako fundi atamwelewa). Stenti zikafuata miaka ya 1980. Hesabu ilionekana rahisi: bomba limeziba, lizibue, mtu aishi. Picha hiyo ya bomba ndiyo ndugu zako wanayo kichwani, na kusema kweli sisi madaktari ndio tuliowapa.

Halafu ikapimwa. Mwaka 2007 yakatoka majibu ya utafiti wa COURAGE, wagonjwa 2,287 wa Marekani na Kanada. Wote walipewa dawa ipasavyo, nusu wakaongezewa kuzibuliwa. Vifo na mshtuko wa moyo havikutofautiana. Wabishi, nami nilikuwamo, wakasema labda walichaguliwa wagonjwa wepesi. Ukaja ISCHEMIA, majibu yakachapishwa 2020: wagonjwa 5,179 katika nchi 37, wote wamethibitika kuwa na upungufu wa damu kwenye moyo. Upande uliopelekwa mapema kuzibuliwa au kupasuliwa, walikufa 145. Upande ulioanza na dawa, 144. Baada ya hapo nilinyamaza.

Sababu ni kwamba ugonjwa huu hauishi pale tu ulipobana. Mafuta yametanda kwenye kuta za mishipa kwa urefu, na mara nyingi kinachopasuka na kuleta mshtuko ni kivimbe kidogo, laini, ambacho kwenye picha hakikumtisha mtu. Stenti inashika sentimita mbili tatu. Kidonge cha statini, kama atovastatini, kinafanya kazi kwenye mishipa yote: kinashusha lehemu (kolesteroli) na kuvifanya vivimbe hivyo visipasuke ovyo. Ongeza aspirini ndogo, kidonge cha kupunguza mbio za moyo, presha na sukari zishikwe, sigara iachwe kama anavuta. Hiyo ni tiba kamili, waambie ndugu zako.

Lakini usiende kumtukana daktari wa kwanza. Stenti inatuliza maumivu. Katika ISCHEMIA hiyohiyo, kati ya waliokuwa wakiumwa kila siku au kila wiki, baada ya mwaka nusu ya waliozibuliwa hawakuwa na maumivu tena. Kwa walioanza na dawa ni asilimia 20. Sehemu ya nafuu hiyo, hata hivyo, ni imani. Uingereza wakafanya jambo nililolionea wivu kwa ujasiri wake: mwaka 2017, katika utafiti wa ORBITA, wagonjwa 200 wenye mshipa mmoja uliobana kwa asilimia 70 au zaidi, kama wa baba yako, walilazwa mezani, wakapewa dawa ya usingizi mwepesi na muziki masikioni. Wengine wakawekewa stenti, wengine wakatolewa bila kuwekewa chochote, na hakuna aliyejua yuko upande upi. Wote walikuwa wameshashibishwa dawa, na tofauti ya muda wa kutembea kwenye mashine haikufika mahali pa kuhesabika. Mwaka 2023 wakarudia na watu 301 walioachishwa dawa za maumivu, na safari hii stenti ikashinda katika kutuliza maumivu.

Kwa hiyo ningekuwa mimi, ningeanza na dawa kwa miezi michache, dozi ikipandishwa polepole. Akishindwa bado kupiga randa, stenti ina maana, na atakuwa ameilipia kitu anachokijua. Muulizeni daktari mambo mawili kwanza: je, mshipa uliobana ni ule mkuu wa kushoto, na moyo unasukuma damu vizuri? Jibu la kwanza likiwa ndiyo au la pili likiwa hapana, futa niliyosema, tafiti hizi hazikumhusu. Ombeni na CD ya picha za mishipa, ni haki yenu.

Na akiwekewa stenti, dawa haziishi. Atameza aspirini pamoja na klopidogreli kwa miezi, asiruke, la sivyo damu inaweza kugandia kwenye stenti yenyewe. Nimeona waliozitupa wiki ya tatu kwa sababu "nimeshazibuliwa".

Maumivu yakianza kuja amekaa tu, au yakapita dakika 15 bila kuachia, na jasho jembamba juu, hospitali saa hiyohiyo. Msisubiri asubuhi.

Kama kaandikiwa dawa ya kuweka chini ya ulimi, ikae kwenye mfuko wa shati la kazi. Nyumbani kabatini haimsaidii, kifua kinambania karakana. Aitumie akiwa amekaa. Na umuulize, au mtume mjomba amuulize, kama anatumia zile dawa za nguvu za kiume zinazouzwa Kariakoo. Zikikutana na hiyo ya chini ya ulimi presha inaporomoka, mtu anaanguka palepale kwenye randa yake.