Waulize wataalamu: Maneno 12 ndiyo hela yenyewe

*Habari za kazi, wataalamu. Nimepakua pochi ya kripto, yaani programu ya kutunzia sarafu za kidijitali, ikanipa maneno 12 ya Kiingereza niyaandike. Nilipiga skrinshoti nikaendelea. Nikibadilisha simu, sarafu zitahamia kwenye simu mpya pamoja na laini? – Msomaji, Mwanza*

Laini haihusiki kabisa, ndugu yetu. Hii si M-Pesa. Sarafu hazikai ndani ya simu. Zimeandikwa kwenye daftari la pamoja la mtandao wake, na maneno yale 12 ndiyo yanayozalisha funguo za kuzihamisha. Kwenye simu mpya utapakua programu ileile, utachagua kurejesha pochi, utaandika maneno kwa mpangilio uleule, na salio litaonekana. Mtu mwingine akiyapata, naye atafanya hivyohivyo akiwa popote duniani. PIN uliyoweka inalinda simu hiyo tu.

Kwa hiyo tatizo lako ni ile skrinshoti. Simu nyingi hupandisha picha zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Isitoshe, mwanzoni mwa 2025 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky ilifichua SparkCat, virusi vilivyojificha ndani ya programu za Google Play na App Store na kupekua picha za watu vikitafuta maneno ya aina hiyo. Kuifuta picha sasa hakutoshi, maana hujui imeshafika wapi. Tengeneza pochi mpya yenye maneno mapya, kisha hamishia humo kila kitu.

Safari hii tumia kalamu na karatasi. Andika namba 1 hadi 12 kwanza, halafu neno mbele ya kila namba, kwa herufi zinazosomeka. Maneno yote hutoka kwenye orodha moja ya maneno 2,048, na hakuna mawili yenye herufi nne za mwanzo zinazofanana, hivyo hata mwandiko ukififia mwishoni mwa neno bado litatambulika. Neno la mwisho hubeba hesabu ya kuhakiki yaliyotangulia. Ukikosea neno moja kwa kuweka jingine la orodhani, programu kwa kawaida italikataa, lakini kama kosa moja kati ya 16 hupenya na kukufungulia pochi nyingine kabisa, tena tupu. Ukikuta salio ni sifuri, usikimbilie kusema umeibiwa. Soma karatasi upya.

Jaribio ambalo wengi hulikwepa ni hili: weka kiasi ambacho hata kikipotea hakitakuuma, futa programu, kisha irejeshe kwa kusoma karatasi. Salio likirudi, ndipo uweke zaidi. Tunza nakala mbili katika nyumba mbili tofauti, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki. Mchwa na paa linalovuja vinaweza kukumalizia akiba hata mwizi asipofika.

*Rafiki yangu amenitumia USDT 20 (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola) kwa mtandao wa Tron. Nazitazama, lakini nikitaka kuzituma naambiwa sina hela ya ada. Vipi, na 20 ninazo? – Msomaji, Mombasa*

Kwa kawaida ada ya Tron hukatwa kwa TRX, sarafu ya mtandao wenyewe. Kwenye mtandao wa Ethereum ni ETH, kwenye BNB Smart Chain ni BNB. Mwombe rafiki yako akutumie TRX kidogo, na utazame makadirio ya ada kabla ya kubonyeza: kutuma USDT kwa anwani (namba ya kupokelea ya pochi) ambayo haijawahi kuzishika hugharimu karibu mara mbili.

Angalia pia mtandao. Anwani ya Tron huanza na T na ina herufi 34. Ya Ethereum huanza na 0x na ina 42, ila ya BNB Smart Chain nayo ni vilevile, kwa hiyo macho peke yake hayatakuokoa. Muulize mpokeaji anatumia mtandao gani. Na usichukue anwani kwenye orodha ya miamala ya zamani. Matapeli hutuma visenti kutoka anwani inayofanana na ya rafiki yako mwanzo na mwisho, ili siku moja unakili ya kwao. Linganisha na herufi za katikati.

*Kwenye kundi la Telegram mtu ameandika maneno yake 12 akiomba msaada. Nimeyaingiza, nimekuta USDT nyingi ila TRX hakuna. Niweke TRX kidogo nizitoe? – Msomaji, Nakuru*

Usiweke hata moja. Tron inaruhusu mwenye akaunti kukabidhi ruhusa ya kuidhinisha miamala kwa anwani nyingine, na aliyeandika maneno hayo ni tapeli ambaye ameshafanya hivyo. Maneno aliyokupa yanakuonyesha salio tu. Sahihi inayohesabika anayo yeye. TRX utakayoweka ataichukua yeye, na wanaoingia mtegoni ni wengi kiasi kwamba mchezo unamlipa. (Na hata mlango ungekuwa wazi, hizo hela si zako.)

Kama uliyaingiza ndani ya programu unayotumia kila siku, iondoe akaunti hiyo leo, ukihakikisha hufuti ya kwako. Zikikaa pamoja, ni rahisi kumpa anayekulipa anwani isiyo yako, na malipo yakaishia kwa tapeli.